Excel bila mausi: nisaidieni kabla ya Jumatatu

Mtafutaji: Wakuu, habari za jioni. Hivi mtu anafunguaje menyu za Excel bila kugusa mausi? Nikibonyeza Alt viherufi vinatokea pale juu, nikibofya chochote vinapotea. Jumatatu natakiwa niwe nimeiva. Naomba kuwasilisha.

KaziKwanza: Bonyeza Alt, achia, usiishikilie. Hivyo viherufi ndiyo njia yenyewe. Alt, H, V, V: umebandika thamani bila fomula. Alt, A, S, S: dirisha la kupanga data. Alt, H, O, I: safu inatanuka kulingana na maandishi. Umepotea? Esc inakurudisha hatua moja. Badala ya kubofya kulia, Shift+F10. Kwenye dirisha dogo Tab inakuhamisha, spesi inaweka tiki. Hiyo ni Excel ya Kiingereza, lugha nyingine ina herufi zake.

BabuLotus: Vijana mnadeka. Sisi tulianza na Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya kabla ya Excel, mausi tunaisikia tu. Unabonyeza mkwaju (/), menyu inajileta juu. Excel hadi leo inauitikia. Bosi wetu alikuwa anafungia kibodi kabatini akienda kula...

DadaMkubwa: Babu, ya kabati baadaye. Mdogo wangu, Jumatatu kuna nini?

Mtafutaji: Usaili tu dada. Wa vitendo.

DadaMkubwa: Usaili gani unakataza mausi? Sema yote.

Mtafutaji: Haya. Kwenye CV niliandika naendesha Excel yote kwa kibodi. Aliyenipigia simu akacheka, akasema basi mausi hatukuwekei. Lakini nani hapa hajatia chumvi CV yake? Halafu nimeshanunua kamausi kadogo kasiko na waya, kale ka kuchomeka kidude nyuma ya CPU. Tahadhari tu.

MamaUpendo: Njia ya mwongo ni fupi. Yako inaishia nyuma ya CPU. Wapigie leo useme ukweli.

Mtafutaji: Mama, nimekaa nyumbani muda mrefu. Nikisema ukweli wanamwita mwingine.

MzeeWaUshahidi: Hii chai. Kampuni gani Bongo inamnyang'anya mtu mausi kwenye usaili? Mods, futeni.

KijanaWaTandale: Chai ya rangi, hata tangawizi hamna 😂

SautiTu: Mbona cha ajabu sikioni? Mimi ni mhasibu, sioni kabisa, mezani kwangu hakuna mausi. NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, inanisomea kila menyu, tena ni ya bure. Kinachonitesa ni zile programu ambazo fundi kaweka vitufe visivyofikika kwa Tab: kitufe kipo, kibodi haikifikii, mpaka nimwite mtu. Mtafutaji, usikariri herufi zote. Bonyeza Alt, kisha tembea kwa mishale. Kwenye Excel mpya kuna Alt+Q: andika unachotaka, chagua, Enter.

MzeeWaUshahidi: Huoni, huu uzi umeusomaje?

SautiTu: Simu inanisomea. Jina lako inalitamka kama tusi.

KijanaWaTandale: 😂😂 Mzee kapatikana.

Mtafutaji: SautiTu, ubarikiwe. Alt, H, V, V imekubali, na mishale nimeielewa. Swali la mwisho wakuu: kile kidude cha mausi, ukikichomeka, kompyuta inatoa mlio?

BabuLotus: Inatoa.