MREJESHO: Baba mkubwa na zile sindano za deksa

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini baba mkubwa kalazwa huku Moshi na korona, yuko kwenye oksijeni, halafu anachomwa deksamethasoni wakati tunasikia hiyo dawa inashusha kinga. Jamani ametoka, yuko nyumbani Kibosho anabishana na watu bei ya kahawa kama kawaida yake.

Sasa daktari alinielewesha hivi, mwanzoni virusi ndo vinashambulia mapafu ila mgonjwa akishafika hatua ya kukosa hewa mara nyingi shida kubwa ni kinga yenyewe imepandisha moto kupita kiasi, mapafu yanavimba yanajaa majimaji, oksijeni inashindwa kupita kuingia kwenye damu, so deksa inatuliza huo uvimbe, haiui kirusi. Uingereza 2020 utafiti wa RECOVERY walitoa miligramu 6 kwa siku, mwisho siku 10, vifo vikapungua kama theluthi kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia na kama moja ya tano kwa wa oksijeni, ila wasiohitaji oksijeni hawakupata faida. Kwa hiyo nyie mnaobeba vidonge duka la dawa kisa mafua tu, acheni bana.

Kilichotusumbua ni sukari ya damu, hiyo deksa iliipandisha hadi nesi akawa anamtoboa kidole kila kabla ya kula, na mzee hana kisukari. Imeshashuka, kimebaki kikohozi cha asubuhi na kliniki bado anaenda. Asanteni mliojibu.