Njia ya mabasi ya mwendokasi Barabara ya Lamu, Malindi: tupime nini kwanza?

Mkaazi_Barani

Salaam aleikum wadau. Kundi letu la mtaa limeniachia niandike waraka wa maoni kuhusu usafiri wa mjini. Wazo lililoshika ni njia ya mabasi peke yake katikati ya Barabara ya Lamu, mfano wa ile ya Dar es Salaam. Sasa hivi kila kitu kimo kwenye lami moja: matatu, tuktuk, bodaboda, mikokoteni ya hamali na malori yanayoshusha bidhaa madukani. Tuanze kupima nini? Na barabara yenyewe ihitaji upana gani? Naomba nambari, siasa tunazo za kutosha.

Hesabu_Kwanza

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Hesabu watu, sio magari. Chagua sehemu tatu: upande wa kuingilia mjini kutoka Mombasa, katikati penye benki na maduka, na upande wa kaskazini. Kila sehemu weka watu wawili, kila mmoja na upande wake wa barabara. Saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi jioni hadi saa moja usiku, mkiandika kwa vipande vya dakika 15. Jumanne, Jumatano au Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa. Ijumaa iacheni, msafara wa msikitini hugeuza mchana wote. Disemba hesabuni kivyake, kwa sababu wageni hubadilisha picha.

Kwa kila chombo andika aina yake na ujazo: tupu, nusu, kimejaa, kimezidi. Hapo ndipo waraka mwingi huharibika. Mtu anaona matatu 60 anaandika 60 mara 14, kumbe nusu zinapita na viti vitupu zikitafuta abiria.

Sasa mfano, na hizi ni nambari za kuonyesha njia tu, msizinukuu kama za Malindi. Tuseme saa iliyojaa zaidi, upande mmoja, zinapita matatu 60 zenye wastani wa watu 11: hao ni 660. Tuktuk 250 kwa wastani wa abiria 1.8: 450. Bodaboda 200, mmoja mmoja: 200. Jumla 1,310. Basi la mita 12 hubeba kama 75 pamoja na waliosimama, lakini panga kwa asilimia 85 ya hapo, yaani 64, la sivyo likichelewa kidogo tu wa kituo kifuatacho hawaingii. Wote wakihamia basi unahitaji mabasi 21 kwa saa.

Hawatahamia wote. Tuktuk inamfikisha mama na kikapu chake mlangoni, basi halimfikishi. Chukua abiria wa matatu na thuluthi ya wa tuktuk: 810, mabasi 13 kwa saa, moja kila dakika nne na nusu hivi. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa kilomita 12 kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa ni dakika 40, ongeza 8 za mapumziko mwisho wa njia. Mabasi 11 barabarani na mawili ya akiba.

Maana ya hiyo 13 ni kwamba njia yako itakaa tupu zaidi ya dakika nne, kisha basi moja lipite. Ikikaa tupu hivyo bodaboda wataingia siku ya kwanza, tuktuk siku ya pili, na gari za wakubwa hazitangoja siku ya tatu. Njia ya peke yake huanza kujitetea yenyewe watu wakifika 2,000 au 3,000 kwa saa upande mmoja. Chini ya hapo utailinda kwa askari, na askari huenda kula.

Zege_na_Lami

Naongeza upande wa ardhi. Chukueni utepe wa mita 50, mpime kutoka ukuta hadi ukuta kila mita 100, na muandike pale palipo pembamba zaidi. Wastani hausaidii, basi halipiti kwenye wastani.

Penye kituo cha katikati mnahitaji hivi: njia mbili za basi za mita 3.5 kila moja, jukwaa la mita 4, njia moja ya magari mengine kila upande ya mita 3.25, kingo za kutenganisha nusu mita kila upande, na njia ya miguu mita 2.5 kila upande. Jumla 23.5. Katikati ya kituo na kituo toeni jukwaa, mbaki na 19.5. Na hapo hakuna hata sehemu moja ya lori kushusha saruji wala tuktuk kusimama. Mkikosa mita, wahandisi wenye haraka hukata njia ya miguu, halafu abiria anafika kituoni akipita katikati ya magari. Jukwaa pia msilibane. Chini ya mita 3 watu wanaoshuka na wanaopanda wanasukumana.

Makutano ndiyo hula muda kuliko kitu kingine. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hivyo gari linalokata kulia linapita mbele ya basi la katikati. Ama mpige marufuku kukata kulia, gari lizunguke mtaa kwa mkono wa kushoto, ama muongeze zamu nyingine ya taa. Kila zamu mnayoongeza hupoteza sekunde 4 au 5 ambazo hakuna anayepita, na basi linangoja zaidi. Kituo nacho kikae kama mita 40 kutoka mstari wa kusimama. Kikiwa karibu zaidi, basi lililomaliza kupakia linakwama taa nyekundu, na la nyuma linashindwa kufika jukwaani. Delhi walifungua njia yao mwaka 2008, foleni za makutano zikawa ndefu, wenye magari wakapiga kelele, na mwishowe ikabomolewa.

Mahali basi linaposimama wekeni zege, msiweke lami. Basi likishika breki palepale kila siku kwenye jua letu, lami hulainika ikafanya mifereji ya magurudumu, masika yakija maji yanakaa humo. Bamba la sentimita 20 hadi 25, viungo kila mita 4.5 hivi. Mchanga wa ufuoni msiuguse: chumvi yake hula chuma cha kwenye viungo, bamba linapanda na kushuka kama meno mabovu. Chukueni wa mto, uliooshwa. Mawe ya matumbawe ni ya chini kwenye msingi tu, juu inatakiwa kokoto ngumu. Na kingo za kutenganisha ziachwe mapengo, la sivyo mmejenga bwawa katikati ya mji. Dar walipoweka karakana ya mabasi Jangwani, bonde la Msimbazi, mafuriko yaliwafuata humo zaidi ya mara moja.

Steji_ya_Juu

Wakuu mmesema vizuri, lakini mmemkatisha tamaa kaka wa watu. Kasi ya basi haitoki kwenye njia peke yake. Abiria akipanda ngazi mmoja mmoja huku kondakta anakusanya nauli mlangoni, kila mtu hula kama sekunde 3. Watu 30 ni dakika moja na nusu, basi limesimama tu. Nauli ikilipwa kabla, sakafu ikawa sawa na jukwaa na milango ikawa mipana miwili au mitatu, mtu hachukui hata sekunde moja. Hilo linawezekana hata bila kutenga njia.

Tahadhari moja ya kununua magari. Jukwaa la katikati linataka milango ya kulia. Matatu na mabasi yetu yote yana mlango wa kushoto. Mkijenga katikati, hakuna chombo cha sacco yoyote (ushirika wa wenye matatu) kitakachoweza kutumia kituo hicho, na mabasi yenu mapya hayatafaa kwingine bila milango pande zote mbili. Dar walipoanza Mei 2016, kilomita 20.9 na vituo 27 mbali na vituo vikuu, mabasi yalinunuliwa kwa ajili ya njia ile. Nairobi, Thika Road, mwaka 2018 mistari myekundu ilichorwa kabla ya basi hata moja kuwepo. Rangi sio mradi.

Pia ulizeni barabara ni ya nani. Ikiwa ni ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu za taifa) au KURA (mamlaka ya barabara za mijini), kaunti haiwezi kubadilisha hata taa bila wao, na waraka ukipelekwa ofisi isiyohusika unakaa kwenye droo.

Mkaazi_Barani

Ahsanteni sana. Kwa hivyo nikiacha njia ya katikati, niombe nini hasa?

Hesabu_Kwanza

Omba vituo vya pembeni, upande wa kushoto, umbali wa mita 400 hadi 500 kutoka kimoja hadi kingine, basi lisimame kwenye njia yake bila kuingia kwenye ghuba, yaani nafasi iliyochongwa pembeni ya barabara. Likiingia ghubani, hakuna atakayeliachia nafasi ya kutoka. Kabla ya makutano mabaya mawili au matatu, omba kipande cha njia ya basi cha mita 60 hadi 100 ili liruke foleni. Hapo ndipo upana utafutwe, sio barabara nzima. Malori yashushe kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa mbili usiku.

Zege_na_Lami

Na tuktuk wapeni nafasi yao, msiwafukuze. Steji ya tuktuk sita ni mita 18 hadi 20 za ukingo, ukihesabu kama mita 3 kwa kila moja. Iwekeni mita 20 mbele ya kituo cha basi, upande uleule, sio nyuma yake. Ikiwa nyuma, foleni yao itafunga kituo. Kivuko cha miguu kikae nyuma ya kituo, kiinuliwe kama tuta pana, ili anayeshuka avuke nyuma ya basi na dereva anayekuja amuone. Hesabu zenu za dakika 15 ziambatisheni kama jedwali, pamoja na vipimo vya ukuta hadi ukuta. Mhandisi akiona jedwali ataanza kubishana na nambari, na hapo ndipo mnapotaka abishane.