Kitasa janja kinapotea mtandaoni, na mfumo unasema mlango umefungwa wakati uko wazi

Swichi_Tatu ameuliza:

Habari wakuu. Nina kitasa janja cha Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vya nyumba janja, tofauti na Wi-Fi) kwenye mlango wa mbele, aina ile ambayo ulimi unasukumwa na mota, betri nne za AA. Mfumo ni Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumba, upo kwenye kompyuta ndogo nyuma ya televisheni, na kifaa cha Zigbee cha USB kimechomekwa moja kwa moja mgongoni mwake. Rauta ya Wi-Fi iko kwenye rafu hiyo hiyo. Mlango ni wa chuma.

Saa nne usiku otomesheni, yaani kanuni inayojiendesha yenyewe, inatuma amri ya kufunga. Siku nyingi mambo yanakwenda sawa. Siku nyingine kitasa kinaandikwa "hakipatikani" kwa dakika kadhaa, halafu kinarudi chenyewe bila mtu kukigusa. Na kuna zile siku mbaya kabisa: skrini inasema mlango umefungwa, ukienda kuusukuma unafunguka. Hizo ndizo zinazoninyima usingizi, maana tulikuwa tumeshazoea kulala bila kuukagua.

Betri inasoma asilimia 70, kwa hiyo si betri. Kati ya kompyuta na mlango kuna ukuta mmoja na korido yenye balbu janja mbili. Kwa mkono kinafunga vizuri tu, ila unauvuta mlango kidogo kuelekea kwako. Nimekitoa kwenye mtandao na kukiunganisha upya, kinatulia kwa muda, halafu mchezo ni ule ule.

Nawaza kununua antena kubwa zaidi au kuhamia kitasa cha Wi-Fi. Mnashauri nini?

Waya_Mwekundu amejibu:

Hamia Wi-Fi mkuu. Rauta si iko karibu? Hizi Zigbee zinasumbua watu bure.

Mzee_Bisibisi amejibu:

Usinunue kitu kwanza. Wi-Fi ya kitasa inatumia masafa yale yale ya 2.4 GHz, na redio yake inakula betri kuliko ya Zigbee. Utakuwa umehamisha tatizo na kuliongezea njaa.

Mimi nilikuwa fundi wa vitasa kabla vitasa havijawa janja, kwa hiyo macho yangu yanaanzia kwenye chuma, si kwenye skrini. Sentensi yenye jibu umeiandika kwa kupita: "unauvuta mlango kidogo kuelekea kwako." Wewe unauvuta kwa sababu mkono wako unahisi ulimi umegonga. Mota haina mkono wa pili wa kuvuta mlango. Inasukuma tu.

Sasa fuatilia kinachotokea ndani. Ulimi unagota kwenye ukingo wa bamba la fremu. Mota inakaza, mkondo unapanda, na volti ya betri inaporomoka kwa muda ule. Redio na ubongo wa kitasa vinakunywa kutoka betri hizo hizo. Volti ikishuka kupita kiwango, kitasa kinajizima na kuanza upya, na mfumo wako unaona kifaa kimepotea hewani. Ukisoma logi (kumbukumbu za mfumo) utalaumu mtandao, kumbe ni milimita mbili za chuma.

Na ule uongo wa "umefungwa": kuna vitasa vyenye sensa inayojua ulimi ulipofika kweli, na kuna vingine vinavyokadiria kwa mzunguko wa mota au muda iliyotumia. Hivi vya pili mota ikimaliza zamu yake vinatangaza ushindi. Vilevile kitasa hakijui kama mlango wenyewe umo ndani ya fremu. Mlango ukibaki umeegeshwa, ulimi unatoka nje vizuri kabisa, hewani, na taarifa inakwenda kwamba umefungwa.

Fanya hivi. Paka chaki kwenye ncha ya ulimi, funga mlango bila kuuvuta, kisha zungusha kitasa kwa mkono. Fungua uangalie chaki imegusa wapi. Ikiwa imegusa ukingo wa bamba, kaza kwanza skrubu za bawaba, hasa ya juu, kwa sababu mlango wa chuma ni mzito na unalala upande wa kitasa. Bado inagusa? Chukua tupa upanue tundu upande ule tu uliopata chaki. Usipanue pande zote, mlango utaanza kucheza. Angalia pia mpira wa kuzuia upepo. Ukiwa mnene au mpya unausukuma mlango nje, na mara nyingi huo ndio unaokulazimisha kuvuta. Mwisho pima kina cha tundu. Kwenye fremu za chuma nimekuta zege limejaa nyuma ya tundu, ulimi unaingia nusu na kugota. Chokonoa litoke.

Lengo ni kitasa kuzunguka kwa vidole viwili, mlango ukiwa umejifunga wenyewe, bila wewe kuusaidia. Jaribu asubuhi na ujaribu tena jua likiwa kali, kwa sababu chuma kinatanuka. Kabla ya hapo hakuna antena itakayokusaidia.

Chaneli_25 amejibu:

Mzee amemaliza upande wa chuma. Mimi nagusa hewa, kwa sababu hapo pia kuna makosa ya wazi.

Kifaa cha USB kuchomekwa mgongoni mwa kompyuta, pembeni ya rauta, ni mahali pabaya kuliko pote. Milango ya USB 3.0 inatoa kelele ndani ya 2.4 GHz, na Zigbee iko humo humo. Tumia waya wa nyongeza wa USB 2.0, hata mita moja, ukitoe kifaa mbali na kompyuta, rauta na mgongo wa televisheni. Hiyo ndiyo antena yako kubwa.

Kisha chaneli. Zigbee ina chaneli 11 mpaka 26, kuanzia 2405 MHz, kila moja imepishana na jirani yake kwa MHz 5. Wi-Fi ya chaneli 1 inakaa katikati ya 2412, ya 6 kwenye 2437, ya 11 kwenye 2462. Baadhi ya mifumo inaanza na Zigbee 11, na ukiwa na Wi-Fi 1 hapo umewakalisha wawili kwenye kiti kimoja. Zuia rauta isichague chaneli yenyewe, iweke 1 au 6 kwa upana wa MHz 20, kisha Zigbee ipeleke 25, ambayo ni 2475. Chaneli 26 iache, vifaa vingine havifanyi nayo kazi vizuri.

Sasa zile dakika za "hakipatikani". Kitasa cha betri hakisikilizi muda wote. Kinalala, kinaamka kidogo, kinamuuliza mzazi wake kama kuna ujumbe. Mzazi ni kifaa chenye umeme wa kudumu kilicho karibu, na anamtunzia ujumbe kwa muda mfupi tu, kwa kawaida sekunde 7.68. Kitasa kikichelewa kuuliza, ujumbe unatupwa. Mzazi mwenyewe akizimika, kitasa kinabaki yatima mpaka kitafute mwingine, na vingine ni vizito kutafuta.

Swali langu kwako: hizo balbu mbili za korido zina swichi ya ukutani?

Swichi_Tatu amejibu:

Zina swichi, na watoto wanaizima wakipita kwenda kulala. Yaani karibu na saa nne. Sasa naanza kuelewa.

Chaneli_25 amejibu:

Basi mzazi anauawa kila usiku. Balbu si mzazi wa kutegemewa popote penye swichi. Weka soketi janja ya Zigbee mita moja au mbili kutoka mlangoni, upande wa ndani, mahali ambapo hakuna atakayeichomoa. Kisha kiunganishe kitasa upya kupitia soketi hiyo. Usikibebe kwenda kukiunganisha karibu na kompyuta, kitamshika mratibu mwenyewe (kile kifaa cha USB) kama mzazi, na utarudi nacho mlangoni kikiwa na ishara dhaifu. Upande wa ndani ni muhimu kwa sababu bamba la chuma la mlango linazuia mawimbi, na kwa kawaida redio na betri viko kwenye nusu ya ndani ya kitasa.

Neno_Betri amejibu:

Niongeze kwenye ile "asilimia 70, kwa hiyo si betri". Asilimia ile ni makisio kutoka kwenye volti, na mara nyingi inapimwa kitasa kikiwa kimetulia. Betri za alkali zilizochoka zinaweza kuonyesha volti nzuri zikiwa zimepumzika, kisha zikaanguka mota ikianza kuvuta. Kuna na hili: makisio mengi yametengenezwa kwa kufuata betri za alkali, ambazo volti yake inashuka polepole. Za kuchaji za NiMH ni volti 1.2, kwa hiyo zitasoma chini tangu siku ya kwanza. Za lithiamu zisizochajiwa zinabaki karibu na 1.5 mpaka mwisho, halafu zinakufa ghafla, na skrini haitakuonya. Soma kijitabu cha kitasa kinataka aina gani, weka zote nne mpya za aina moja. Na usiweke otomesheni inayokiuliza kitasa hali yake kila baada ya sekunde chache. Kila swali ni betri.

Waya_Mwekundu amejibu:

Na wenye Z-Wave, ule mtandao mwingine wa vifaa janja, je? Yangu haitumii 2.4 kabisa na bado inachelewa.

Neno_Betri amejibu:

Z-Wave iko chini ya 1 GHz (Ulaya 868.42 MHz, Marekani 908.42 MHz), kwa hiyo Wi-Fi haina ugomvi nayo. Kitasa chake kinaamka kwa nukta kusikiliza mwito maalumu wa kukiamsha, na kirudishi (kifaa kinachopokea ujumbe na kuupeleka mbele) kilicho karibu lazima kiwe na uwezo wa kutuma mwito huo. Virudishi vya zamani vingine havina. Angalia pia usalama uliotumika wakati wa kuunganisha: kuna S0, ya zamani, na S2, mpya zaidi, na S0 inahitaji ujumbe mwingi zaidi kwa kila amri kuliko S2. Ikiwa kitasa chako kina S2, kiunganishe upya kwa hiyo.

Swichi_Tatu amejibu:

Ripoti. Chaki iligusa ukingo wa juu wa bamba, sawasawa na alivyosema Mzee. Bawaba ya juu ilikuwa imelegea. Nimeikaza, nikapitisha tupa kidogo, na kutoka kwenye tundu nimetoa zege la kujaza kiganja. Sasa kinazunguka kwa vidole viwili. Kifaa cha USB kiko kwenye waya, soketi imewekwa, betri mpya. Tangu hapo hakijapotea hata mara moja.

Chaneli bado sijabadilisha, naogopa kuvuruga vifaa vingine. Na otomesheni yenyewe niiandikeje ili isinidanganye tena?

Mzee_Bisibisi amejibu:

Safi. Otomesheni yako ya sasa inatuma amri na kwenda zake. Amri si matokeo. Weka sensa ya mlango, ile ya sumaku, na kufunga kuanze tu ikiwa sensa inasema mlango umo ndani ya fremu. Sumaku isogeze mpaka karibu na mwisho wa uwezo wake, ili mlango ukiegeshwa kwa sentimita moja tu sensa iseme uko wazi. Fundi wengi wanaibandika karibu mno, sensa inaridhika na mlango ambao haujafika.

Baada ya amri, subiri sekunde kama ishirini, soma hali. Ikiwa si "umefungwa", jaribu mara moja tena, halafu tuma arifa kwenye simu na unyamaze. Usirudie bila kikomo. Ulimi ukiwa umegota, kila jaribio linasaga mota na kumaliza betri, na asubuhi utakuta kitasa kimekufa. Hali ya "hakipatikani" nayo ihesabu kama haijulikani, kamwe usiichukue kama umefungwa. Ikidumu kwa dakika kumi usiku, arifa.

Kuna mtego mmoja ambao watu wanauona wakiwa wameshaingia. Kitasa kikirudi kutoka "hakipatikani", mfumo unaona hali imebadilika, na otomesheni yoyote inayosubiri mabadiliko inaweza kuruka. Hivyo hivyo mfumo ukiwashwa upya. Weka sharti kwamba hali ya awali ilikuwa "umefungwa" au "umefunguliwa" kweli. Na ile ya kufungua mlango simu ikifika nyumbani, mimi siiweki kwa mtu yeyote. Simu ikipoteza mahali ilipo kisha ikapapata tena, mfumo unadhani umerudi kutoka safari, na mlango unafunguka nyote mmelala. Kufunga kwenyewe, sawa. Kufungua, mtu abonyeze.

Chaneli_25 amejibu:

Kuhusu chaneli: kama kitasa kimetulia, huna haraka. Angalia kwanza Wi-Fi iko ngapi na Zigbee iko ngapi. Kama hazigongani, acha. Kama zinagongana, jua kwamba vifaa vya betri huchelewa kufuata chaneli mpya na vingine vitadai kuunganishwa upya, kitasa kikiwemo. Ifanye asubuhi ya siku usiyo na safari, mlango ukiwa wazi, ufunguo wa kawaida mfukoni.