J.R. Celski alirudije kwenye barafu miezi mitano tu baada ya kukatwa paja?

Mwalimu wa Michezo, Iringa (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari hapa Iringa. Ninaye mwanafunzi wa kike, mkimbiaji wa mita 800, ambaye miezi michache iliyopita alikatwa na bati kwenye paja; kidonda kimefunga vizuri na daktari amemruhusu kukimbia, lakini kila akifika kwenye kona ya uwanja anapunguza mwendo kana kwamba bati lile bado linamsubiri pale. Katika kutafuta cha kumwambia, nimekutana na kisa cha Mmarekani J.R. Celski, mchezaji wa mbio za kuteleza kwenye barafu za njia fupi, na tangu hapo sijaacha kukifikiria.

Tarehe 12 Septemba 2009, Celski akiwa na umri wa miaka 19, alikuwa Marquette, Michigan, kwenye mchujo wa timu ya Marekani itakayokwenda Olimpiki ya Vancouver. Katika mbio za mita 500 alianguka, akaserereka hadi kwenye magodoro ya ukutani, na bapa, yaani chuma chenye makali kilicho chini ya kiatu chake mwenyewe cha kulia, likaingia katika paja lake la kushoto. Jeraha lilikuwa na urefu wa takriban inchi 6 na kina cha inchi 2, na lilikaribia kwa inchi moja hivi kuufikia mshipa mkubwa wa damu wa paja. Alishonwa nyuzi 60 hivi. Halafu tarehe 13 Februari 2010, yaani miezi mitano na siku moja baadaye, kijana huyohuyo alivalishwa medali ya shaba ya mita 1500 huko Vancouver.

Ninaomba wenye ujuzi wanisaidie katika mambo haya: alibakije kwenye timu ilhali mchujo ulimalizikia kwake hospitalini? Paja lililokatwa kiasi kile linarudishwaje kufanya kazi kwa muda mfupi hivyo? Na zaidi ya yote, hofu aliiondoaje? Mwanafunzi wangu alikatwa na kitu ambacho hatakutana nacho tena uwanjani, lakini Celski alitakiwa kukivaa tena mguuni kile kilichomkata.

Mzazi wa Calgary

Ndugu mleta mada, asante kwa kuleta jambo hili. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Calgary, Kanada, na binti yangu anacheza mchezo huu katika ngazi ya watoto, kwa hiyo jioni zangu nyingi huishia kando ya uwanja wa barafu nikiwa nimejifunika shuka la Kimasai juu ya koti.

Nianze na swali la timu, maana lina jibu jepesi. Nafasi hazikuamuliwa na mbio moja, bali na matokeo ya mbio zilizokimbiwa kwa siku kadhaa, na Celski alikuwa amekwishafanya vizuri vya kutosha kabla ya anguko lile. Hakuwa mgeni pia: mwezi Machi mwaka huohuo, kwenye mashindano ya dunia ya Vienna, alishika nafasi ya tatu katika matokeo ya jumla. Lipo jambo jingine ambalo watu hulisahau, nalo ni kalenda. Mchujo ule ulifanyika Septemba. Mchujo wa Olimpiki ya 2018 ulifanyika Desemba, na mtu aliyeumia namna ile Desemba asingekuwa na Olimpiki ya kwenda Februari. Mashindano ya Kombe la Dunia ya msimu wa vuli yalimpita akiwa anajifunza kukunja goti, lakini wiki zilizobaki kabla ya Vancouver zilikuwa bado nyingi.

Kuhusu hicho kinachokata, ningependa uelewe bapa lenyewe, kwa sababu ndani yake ndimo hofu unayoiulizia ilimo. Ni chuma chembamba kuliko sarafu, kirefu kuliko kiatu, kimefungwa chini ya soli lakini kimesogezwa upande wa kushoto, na kimepindwa kidogo kuelekea kushoto, kwa sababu wachezaji huzunguka upande huo tu katika njia ya mita 111 na ushei. Binti yangu hulinoa kwa jiwe, halafu hupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ukingo wake. Likikwangua unga mweupe wa ukucha, basi liko tayari. Kanuni zinataka ncha zake ziwe za mviringo ili zisichome mtu, na siku hizi watoto huvaa nguo za nyuzi ngumu zisizokatika kwa urahisi pamoja na kinga ya shingo. Hata hivyo makali ya pembeni hayawezi kuondolewa, kwa kuwa bila makali hayo mtu hawezi kupiga kona kabisa. Mchezaji analala kwenye kona mpaka vidole vya mkono wa kushoto vinagusa barafu, na kinachomshikilia asiruke nje ni ukingo ule mwembamba tu.

Mtaalamu wa Tiba ya Viungo, Moshi

Wakuu, nitajibu upande wa paja, nikieleza kanuni za kazi yetu na si faili la mgonjwa, kwa kuwa sikuwapo.

Msuli wa mbele ya paja ndio unaonyoosha goti na kulizuia lisiporomoke mtu anapochuchumaa. Sasa mtazame mchezaji wa njia fupi: anakimbia mbio zote akiwa amechuchumaa, goti limekunjwa karibu pembe mraba. Anapopiga kona, mguu wa kulia huvuka juu ya wa kushoto, na katika sehemu hiyo uzito wote wa mwili, pamoja na nguvu inayomvuta nje ya kona, hubebwa na mguu wa kushoto peke yake. Mguu wa Celski uliokatwa ulikuwa wa kushoto. Kama angekuwa mwogeleaji au mpiga mishale ningelishangaa kidogo. Kwa mchezo huu, jeraha lilikwenda mahali pabaya kuliko pote.

Baada ya msuli kushonwa, mambo mawili hushindana. Msuli unahitaji utulivu ili nyuzi zisikatike, lakini ukikaa kimya unasinyaa kwa kasi ya kutisha, na kovu linaloundwa ndani huufunga usiteleze juu ya tabaka zilizo jirani. Ukiharakisha unachana, ukichelewa unabaki na goti gumu. Kazi ya wiki za mwanzo huwa ndogo kiasi cha kumchosha roho mgonjwa. Mimi humkunjia taulo na kuliweka chini ya goti, kisha namwambia alikandamize kwa kukaza paja, ahesabu mpaka tano na aachie. Mara ya kwanza mara nyingi hakuna kinachotokea: mtu anakaza meno, jasho linamtoka, na paja limelala tu kama la mtu mwingine. Kisha siku moja unaona ngozi juu ya goti imetikisika. Huo ndio mwanzo. Baada ya hapo hufuata kukunja goti, kupanda ngazi, kuchuchumaa, kuchuchumaa kwa mguu mmoja, na kila wiki unapima unene wa mapaja yote mawili kwa futi ya fundi cherehani na kuandika tofauti.

Celski alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo huko Colorado Springs, akiwa chini ya uangalizi wa Dkt. Eric Heiden. Hapo naomba tusimame kidogo. Heiden ni daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa, lakini kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa mbio za barafu za njia ndefu, na katika Olimpiki ya Lake Placid ya 1980 alishinda dhahabu zote tano za wanaume, kuanzia mita 500 hadi mita 10,000. Sijui kama kuna mgonjwa mwingine wa paja aliyepata bahati ya namna hiyo. Mimi nikimwambia mwanariadha avumilie, ananitazama kama mtu aliyezoea kiti cha ofisini. Aliyeambiwa jambo hilohilo na Heiden alikuwa akiambiwa na mtu ambaye mapaja yake mwenyewe yalikwishapita njia ile.

Mpenzi wa Michezo, Mombasa

Ndugu zangu, sipingi ugumu wa alichokipitia kijana, na nampongeza kwa dhati. Ila tuwe wakweli kuhusu medali yenyewe. Niliitazama fainali ile. Wakorea watatu walikuwa wakielekea kuchukua nafasi zote tatu za kwanza; kwenye kona ya mwisho Lee Ho-suk akajaribu kupenya kwa ndani, akaanguka na kumchukua Sung Si-bak. Lee Jung-su akashika dhahabu, Mmarekani Apolo Ohno akapita na kupata fedha, Celski akapata shaba. Wasingeanguka wale wawili, leo tusingekuwa na mada hii. Ninachelea mwalimu asije akamwambia mwanafunzi wake kwamba bidii ya matibabu huzaa medali, na binti akaja kuvunjika moyo.

Mzazi wa Calgary

Kaka wa Mombasa, ulichokieleza ndivyo kilivyotokea na sitakipunguza. Lakini naomba uitazame upya kona ile ukiwa na swali moja: Celski alikuwa wapi walipoanguka? Mbio za mita 1500 ni mizunguko 13 na nusu, na mtu mwenye paja bovu huachwa mapema, wala haonekani katika picha ya mwisho. Yeye alikuwa pale nyuma yao, mwili umelala kwenye kona, ameuegemea mguu uleule, na wawili walipoanguka mbele yake alishika njia yake akapita. Katika mchezo huu kuanguka kwa wengine ni sehemu ya mashindano, naye mwenyewe aliangukia upande wa hasara Septemba. Isitoshe, karibu wiki mbili baadaye alipata shaba ya pili, katika mbio za kupokezana za mita 5000 pamoja na Ohno na wenzao. Ile ni mizunguko 45 ya kusukumana kiunoni na kuingia barafuni tena na tena, na medali mbili kwa mguu mmoja ulioshonwa siwezi kuziita bahati.

Hata hivyo ninakubaliana nawe kwamba si kila anayevumilia hurudi kwa wakati. Ahn Hyun-soo, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki mara tatu mwaka 2006, alivunjika goti Januari 2008, na miaka miwili haikutosha kumfikisha Vancouver. Alirudi kwenye Olimpiki mwaka 2014 huko Sochi, akiwa ameichezea Urusi kwa jina la Viktor Ahn, na akachukua dhahabu tatu. Kwa upande mwingine yuko Allison Baver, Mmarekani aliyevunjika mguu huko Sofia mwanzoni mwa 2009 baada ya kugongana na mwenzake wa timu, Katherine Reutter. Mwaka mmoja baadaye wote wawili walikuwa katika kikosi kimoja cha kupokezana kilichopata shaba Vancouver. Mimi huyu wa mwisho hunigusa zaidi kuliko hata Celski, kwa sababu kupokezana ni kumsukuma mwenzako kwa mikono miwili, na yeye alimwamini yuleyule aliyegongana naye.

Mwalimu wa Michezo, Iringa (mleta mada)

Nawashukuru sana. Kaka wa Mombasa, onyo lako nimelipokea. Sitamtajia mwanafunzi wangu medali. Swali langu la hofu bado halijajibiwa moja kwa moja. Mtaalamu wa Moshi, kwa wagonjwa wako, hofu huondoka lini?

Mtaalamu wa Tiba ya Viungo, Moshi

Mwalimu, kwa uzoefu wangu haiondoki kwa maneno, wala haiondoki kwa siku moja. Mwili uliokatwa hujilinda wenyewe: mguu unapunguza nguvu kabla mwenye mguu hajaamua, na ndiyo maana kumwambia binti "usiogope" hakusaidii, kwa kuwa pengine yeye mwenyewe anaamini haogopi. Mpeleke kwenye kona ile ile mkiwa wawili. Atembee, kisha akimbie polepole, kisha nusu mwendo, na siku hiyo iishie hapo hata kama anataka kuendelea. Pima mapaja yote mawili kwa futi. Kama lililoumia bado ni jembamba, basi anapunguza mwendo kwa haki kabisa, na kinachohitajika ni mazoezi ya nguvu kabla ya mawaidha. Kama yamelingana, mwonyeshe futi. Nimeona wanariadha wakiiamini namba iliyo kwenye futi kuliko walivyoniamini mimi.

Mwalimu wa Michezo, Iringa (mleta mada)

Nimepima leo baada ya vipindi. La kushoto ni sentimita 49, la kulia lililokatwa ni 47 na nusu. Wakati wote huu nilidhani ni woga tu, na nimekuwa nikimsemesha kuhusu ushujaa, nimemwomba radhi. Kesho tunaanza na ngazi za bwalo. Jambo la mwisho, mzazi wa Calgary: mguu wa Celski ulipata kurudi ulivyokuwa?

Mzazi wa Calgary

Ulipita ulivyokuwa, mwalimu. Oktoba 2012, hapa hapa Calgary, katika Kombe la Dunia, alikimbia mita 500 kwa sekunde 39.937, akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 40 katika umbali huo. Ni zilezile mita 500 alizokatikia Marquette.