Majirani wa Kiwanjani: fomu ya kaunti

JUMATATU

19:02 Salma Katibu: Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Narudia kwa wale wasiosoma. Alhamisi saa tatu asubuhi watu wa kaunti waja holini kuchukua maoni ya wodi, ya mpango wa maendeleo wa mwaka ujao wa fedha. Viwanja na bustani vimo. Fomu ina nafasi TATU tu. Nataka kiwanja chetu kiingie kwa sauti moja, si kila mtu aende na lake mfukoni. Andikeni hapa mwataka nini.

19:03 Salma Katibu: Mie nimeanza:
1. Ukuta na lango
2. Mulika mwizi (taa ya mlingoti mrefu)
3. Mabembea na viti

19:41 Salma Katibu: Mwasoma, naona. Andikeni basi.

19:44 Omari Tuktuk: Mimi naomba kidimbwi cha kuogelea. Cha watu wazima kiwe na kivuli.

19:45 Mama Achieng: 😂😂 Omari kidimbwi tunacho, ngoja tu mvua ya Mei

19:46 Salma Katibu: Omari.

19:46 Omari Tuktuk: Si umesema tuandike twataka nini

20:10 Mwl Katana: Salma, asante kwa kutukumbusha. Swali moja. Tukijaza fomu wiki hii, pesa zenyewe zinatoka lini?

20:14 Salma Katibu: Mwalimu, mpango huu lazima ufike bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba. Februari ndipo watoa mkakati wa fedha. 30 Aprili makadirio ya bajeti yafika bungeni. Mwaka wa fedha waanza 1 Julai. Kwa hivyo twazungumzia Julai mwakani.

20:14 Omari Tuktuk: Julai MWAKANI??

20:15 Mwajuma: Wangu atakuwa ashaota ndevu, bembea ataipanda na mkewe

20:18 Salma Katibu: Ndiyo maana nasema sasa! Kila mwaka mwangoja Mei, mwaenda mwapiga kelele, mwarudi. Mei kitabu kishaandikwa. Kitu ambacho hakikuingia kwenye mpango wa Septemba, Mei utaambiwa "tumesikia, tutalizingatia". Mwaka juzi nilisimama mimi mwenyewe kusema habari ya taa. Nikazingatiwa. Nikapewa soda nikaketi.

20:18 Omari Tuktuk: Soda gani

20:19 Salma Katibu: Omari wallahi nitakutoa humu.

20:25 Baba Nasra: Kwani tusimuone mbunge moja kwa moja? CDF ipo, pesa za eneo bunge. Mambo ya fomu fomu ni kuzungushana.

20:29 Salma Katibu: Baba Nasra, CDF ni ya kazi za serikali kuu. Madarasa, vituo vya polisi. Bustani na viwanja vya watu kupumzika ni kazi ya kaunti, imeandikwa kwenye Katiba, Jedwali la Nne. Ukimwendea mbunge atakupa jezi.

20:29 Omari Tuktuk: Jezi pia twazihitaji. Hizi zetu zimebaki kola

20:31 Baba Nasra: Mbona bustani ya Laitihausi, kule ufukweni, walijenga serikali kuu?

20:33 Salma Katibu: Ile ilikuwa 2019, Mashujaa Dei ilikuwa yafanyiwa pale pale na rais yuaja. Hapa kwetu aja nani?

20:34 Mama Achieng: Aje tu, viazi karai nitampa bure

20:40 Mwl Katana: Salma yuko sawa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka kaunti iweke angalau asilimia 30 ya bajeti kwenye maendeleo. Sasa hizo 30 zinagombewa na barabara, hospitali, maji, shule za chekechea, wodi zote 30 za Mombasa. Tusipoandika sisi, hakuna mtu Kisauni atakayeamka kutuandikia kiwanja.

20:52 Mwajuma: Sawa. Ila kabla sijaomba mabembea mapya, mimi nataka kujua ya yale ya zamani. Zile mia tano tano tulizochanga.

20:53 Mwajuma: Naulizia tu

20:58 Baba Nasra: Nilijua. Nilijua leo hailali bila hilo.

20:59 Baba Nasra: Hesabu nilisoma mbele ya watu. Waliokuja walisikia.

21:00 Mama Achieng: Ulisoma siku ya mvua Baba Nasra 😅 tulikuwa watu wanne na mmoja alikuwa amekuja kujikinga

21:02 Mwajuma: Mwanangu alianguka pale akapasuka kidevu. Ule mnyororo wa kushoto ushakatwa, imefungwa kamba ya manila fundo tatu mpaka leo. Kibao chenyewe cha kukalia kina msumari umetokeza.

21:03 Baba Nasra: Mnyororo sikukata mimi! Waulizeni wanaopitisha mikokoteni ya vyuma alfajiri. Pesa zile zilinunua mabembea, yakasimama, watoto wakacheza miaka mingapi? Na miche je? Miche niliileta na gari langu, mbona haitajwi?

21:04 Mwl Katana: Miche ililiwa na mbuzi.

21:04 Omari Tuktuk: Mbuzi wa nani Mwalimu? Taja jina, mbuzi hashtaki

21:05 Mama Achieng: 😂😂😂

21:05 Mwajuma: 😂😂

21:06 Baba Nasra: Mbuzi wangu alikuwa amefungwa.

21:06 Omari Tuktuk: Kwa kamba ya manila?

21:08 Salma Katibu: Jamani. Mambo ya pesa za mabembea tutayaweka siku yake. Alhamisi ni mtondo tu. UKUTA, TAA, VITI. Mwakubali ama hamkubali?

21:22 Halima B: Maji yashafunguliwa upande wa msikitini?

21:22 Jirani Ghorofani: Bado

21:22 Swaleh: Kwetu yatoka kidogo

21:23 Mama Zawadi: Yatoka ila mekundu, yaacheni kwanza yatulie

21:23 +254…: Hapa hakuna

21:24 Ustadh Hamisi: Yamekuja sasa hivi, wahini

21:26 Salma Katibu: Subhanallah. Kumbe mko hai nyote.

JUMANNE

06:50 Salma Katibu: Sabahalkheri. Fomu. Nangoja.

10:15 Mama Achieng: Salma huo ukuta utapita wapi? Mimi meza yangu iko chini ya mkungu tangu Achieng hajazaliwa.

10:21 Salma Katibu: Utapangiwa sehemu yako, usiwe na wasiwasi.

10:22 Mama Achieng: Kupangiwa nakujua. Laitihausi ilipofungwa kwa ukarabati mwenzangu wa mihogo alipangiwa nyumbani.

10:30 Salma Katibu: Sasa Mama Achieng unataka tukae wazi hivi? Usiku malori yaja kumwaga kifusi, asubuhi wewe ndiwe wa kwanza kulalamika vumbi kwenye mafuta yako. Wiki jana wamemwaga vigae vilivyovunjika pale pale watoto wachezapo chandimu, miguu mitupu. Na magari yaegeshwa kama ni yadi. Ukuta wazuia hayo yote. Sijaandika ukuta kwa urembo.

10:34 Mama Achieng: Weka mawe makubwa basi lori lisipite. Mtu apite, mkokoteni upite.

10:36 Omari Tuktuk: Na tuktuk

10:41 Mwl Katana: Wazo la mawe si baya, na ni rahisi. Nairobi walifunga Uhuru Park 2021 kwa matengenezo, watu wakaizunguka kwa nje miaka. Kufunga ni kazi ya siku moja.

13:05 Swaleh: Mimi naunga mkono ukuta

13:06 Swaleh: Samahani, naunga mkono taa

13:30 Salma Katibu: Swaleh shukran, hata kama hujui waunga nini.

16:48 Bi Fatma: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:07)

16:49 Omari Tuktuk: Shikamoo Bi. Sina bando za kusikiza, aliyesikiza atuandikie

16:55 Mwajuma: Ngojeni niwaandikie kama alivyosema. Nalia mimi.

17:03 Mwajuma: "Wanangu, mjukuu amenisomea haya mambo yenu. Nimesikia mwataka kuandika ukuta na lango. Nami nasema hivi. Kiwanja hiki nimeolewa nimekikuta, na bwanangu, Mungu amrehemu, alikikuta akicheza mpira. Hakijapata kuwa na lango. Kikipata lango kitapata mshika ufunguo, na mshika ufunguo ataleta karatasi. Mwaona upande wa kisima? Pale kulikuwa na bikoni, jiwe la mpaka. Nilikuwa nikianikia nguo juu yake. Sasa nenda kaitafuteni. Hamtaiona, ukuta wa mtu umeikalia. Mtaa mzima ulinyamaza, na mimi nilinyamaza kwa sababu ya ujirani. Basi msiitie taa mahali ambapo hamjui mwisho wake. Pimeni kwanza. Taa mtaomba hata mwakani. Salma mwanangu, usikasirike, wafanya kazi njema."

18:40 Ustadh Hamisi: Allah ampe umri.

18:52 Baba Nasra: Bi Fatma amesema.

19:15 Halima B: Huo ukuta wa upande wa kisima si ndio wa

19:15 Halima B: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

19:16 Ustadh Hamisi: Tusitaje majina humu. Yumo.

20:31 Salma Katibu: Shikamoo Bi Fatma. Nimekusikia na sijakasirika. Lakini jamani nieleweni na mimi. Fomu yasema "mradi". Bikoni si mradi. Nikienda pale niseme wakazi waomba mawe manne yafukuliwe watanicheka, na nafasi ichukuliwe na mtaro wa watu wengine.

20:44 Mwl Katana: Andika hivi: "Upimaji wa kiwanja, kuweka mipaka na kukisajili kama ardhi ya umma." Hilo ni mradi kamili, lina gharama, lina ofisi yake. Na kusema kweli hata hiyo taa, wakija kuisimamisha mtu akatokea na karatasi, kazi inasimama siku hiyo hiyo.

20:50 Mama Achieng: Mwalimu 👏 na meza yangu?

20:52 Mwl Katana: Upimaji hauhamishi meza.

20:53 Omari Tuktuk: Wamhamisha mwenye ukuta tu 👀

20:53 Ustadh Hamisi: Omari!

21:10 Salma Katibu: Haya. Kupima kwahitaji nambari ya ploti. Nani anayo? Nikipata nambari naweza kwenda ofisi ya ardhi kufanya sachi, kutafuta rekodi zake, hata kesho, angalau Alhamisi tuseme twajua tusemalo.

21:18 Baba Nasra: Nambari iko kwenye ile barua.

21:19 Salma Katibu: Barua iko wapi?

21:21 Baba Nasra: Ilikuwa kwa marehemu Mzee Sudi. Kwa hivyo ni kwa mwanawe, Jamal. Yuko Maskati. Yumo humu lakini hasomi.

21:22 Salma Katibu: @Jamal

21:22 Salma Katibu: @Jamal

21:23 Salma Katibu: Na @Kassim Fundi, wewe umefanya kazi na wapimaji, uje kesho jioni tuzunguke na utepe.

JUMATANO

02:14 Jamal Oman: Aleikum salaam, nilikuwa kazini. Barua gani, ile ya ukuta au ile ya kisima?

06:31 Salma Katibu: Ziko MBILI?

06:33 Salma Katibu: @Jamal zote. Piga picha utume.

06:34 Omari Tuktuk: Yuko Maskati Salma, barua ziko hapa nyuma ya msikiti. Apige picha na darubini?

12:20 Jamal Oman: Ziko kwa mama. Ila ile ya ukuta mama alisema asipewe mtu mpaka Baba Nasra awepo.

12:25 Mwajuma: Ehee

12:26 Mwajuma: Baba Nasra yaingiaje barua ya ukuta?

12:58 Baba Nasra: Nilikuwa mweka hazina. Barua zilipitia kwangu. Mwajuma usianze.

13:02 Baba Nasra: Nitakwenda kwa mama Jamal baada ya isha. Nikirudi nitasema.

17:45 Salma Katibu: Nimeketi na fomu. Nambari mbili nimeandika taa, nambari tatu mabembea na viti. Nambari moja nimeiacha wazi. Sitaandika ukuta, Bi Fatma nimekusikia. Lakini sitaandika kupima mpaka nione nambari ya ploti, sitaki kusimama mbele za watu nikaulizwa nikakosa jibu. Na twahitaji watu wasiopungua kumi waje kesho, mtu mmoja wamwita mlalamishi, kumi wawaita wakazi. Nani yuaja?

17:50 Mama Achieng: Nitakuja nikishauza asubuhi

17:58 Ustadh Hamisi: Inshallah

18:03 Mwl Katana: Nina darasa hadi saa tano. Nitaandika maoni kwa barua nikupe upeleke, yanapokewa pia kwa maandishi. Hakikisha wamepiga muhuri nakala yetu.

18:05 Omari Tuktuk: Nitawabeba bure wazee. Kwenda tu. Kurudi tutasikizana

18:09 Salma Katibu: Hao ni watatu na nusu. Wengine?

18:40 Mwajuma: Na za kupiga chapa hiyo barua ya Mwalimu nani atoa?

18:41 Baba Nasra: Msinitazame mimi.

21:37 Salma Katibu: @Baba Nasra umetoka kwa mama Jamal?

22:05 Salma Katibu: @Baba Nasra

22:19 Kassim Fundi: Salaam. Nilikuwa Mtwapa simu haina chaji. Naona nimetajwa. Kupima nini?

22:20 Omari Tuktuk: Soma juu

22:20 Kassim Fundi: Yote haya? Nifupishieni

22:21 Salma Katibu: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

22:24 Mama Achieng: Salma hiyo saa tatu ya kesho ni saa tatu ya kweli ama ni ya kaunti?