Tupeane uzoefu: Kampuni yako ya kwanza ya malori Marekani uliichaguaje?

Msafiri wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za barabarani. Naona vijana wanatoka shule na CDL, leseni ya malori makubwa, mkononi, swali lao ni moja tu: kampuni gani inalipa senti nyingi kwa maili? Mimi hilo naliweka mwisho. Senti kwa maili unazipata magurudumu yakizunguka. Uliza nani anakulipa yakisimama, na siku ukitaka kuondoka mkataba unasemaje.

Naanza na yangu, nanyi mshushe zenu. Nilipomaliza shule simu za wasajili, wale wanaotafutia kampuni madereva, hazikukatika. Kila mmoja kampuni yake ni "familia", kila mmoja utalala nyumbani wikiendi. Nikawa nauliza maswali yale yale kwa wote. Dereva wa kawaida hapo kwenu anatembea maili ngapi kwa wiki? Nikikaa ghalani nasubiri mzigo, malipo yanaanza baada ya saa ngapi? Lori likiharibika nikalala hoteli, nalipwa? Maili zenu mnahesabu njia ninayopita kweli au ile fupi ya mji hadi mji? Hilo la mwisho huwa linawakata kauli, maana zipo kampuni zinazolipa njia fupi ya kwenye kitabu huku wewe umezunguka kwa sababu lori halipiti chini ya daraja.

Na kusubiri si jambo dogo. Ukishaanza kazi, saa 14 zinahesabika hata kama umeegesha dokini, pale wanapopakia na kushusha mzigo, na ndani yake unaruhusiwa kuendesha 11 tu. Sheria ya kazi ya 1938 nayo inawaacha nje wengi wetu kwenye ovataimu. Saa za kusubiri zisipoandikwa kwenye mkataba, hesabu ni sadaka.

Niliowachagua hawakuwa wa kwanza kwa senti. Walinijibu yote kwa barua pepe, basi. Wengine walitaka tuongee kwa simu tu.

Kiti cha Mbele

Nimekaa hapa, leteni madini.

Dada wa Trela

Kwangu mimi kitu cha kwanza kilikuwa mkufunzi. Kampuni kubwa nyingi zinakuweka lori moja na mkufunzi kwa wiki kadhaa, vitanda viwili vya ghorofa nyuma ya viti, pazia ndiyo mlango. Nikauliza, kuna mkufunzi mwanamke? Kama hayupo nitamsubiri wapi, na kwa gharama ya nani? Kampuni moja ikanijibu "tutaona ukishafika". Sikufika.

Uliza pia mkufunzi anakaa kiti cha pembeni au analala. Wapo wanaokugeuza timu mapema: wewe unaendesha usiku kucha, yeye anakoroma nyuma, maili zinaingia kwake.

Mimi nilipata mama mtu mzima, mkali kweli. Tukifika kituo cha malori ananipeleka mwisho wa maegesho, anachagua nafasi tupu, ananiamuru nirudi rivasi kwa upande ambao kioo hakionyeshi trela. Akiona nimeanza kubahatisha usukani anapiga mlango kwa kiganja: "Shuka ukaangalie!" Nashuka, naona magurudumu ya nyuma yalipo, napanda, naendelea. Madereva wengine wanapiga honi, yeye hajali. Mpaka leo nashuka.

Mzee wa Friji

Dada kasema kweli. Niongeze kuhusu "shule ya bure". Kampuni inakulipia mafunzo, unasaini kuwatumikia mwaka mmoja au zaidi. Si vibaya, kama mfuko umekauka ni mlango halali. Ila soma deni linavyopungua. Kuna mkataba ambao kila mwezi unaofanya kazi unafuta sehemu yake, na kuna ule ambao ukiondoka wiki ya mwisho unadaiwa lote. Na shule yoyote unayoendea, hakikisha imo kwenye orodha ya serikali ya watoa mafunzo. Tangu tarehe 7 Februari 2022 bila hiyo hufanyi mtihani wa CDL yako ya kwanza.

Kingine, wakikupa lori la "kukodisha mpaka liwe lako" nawe hujamaliza hata mwaka, kimbia. Makato ya wiki hayajui kama ulipata mzigo au hukupata. Jopo lililoundwa na serikali kuu kuchunguza mikataba hiyo lilipendekeza mwaka 2025 ipigwe marufuku kabisa. Mimi sikuhitaji jopo, niliona hundi za wenzangu.

Pwani Mpaka Ohio

Mzee, nakubaliana nusu. Naona humu mnazungumzia zaidi makampuni makubwa. Mimi nilianzia kwa kampuni ndogo ya ndugu zetu, watu wanaongea Kiswahili, dispacha, yule anayetupangia mizigo, ananielewa nikisema nimechoka. Nilijifunza haraka.

Mzee wa Friji

Kaka, ulilipwa kwa W-2 kama mwajiriwa, au 1099 kama mkandarasi wa kujitegemea?

Pwani Mpaka Ohio

1099.

Mzee wa Friji

Ndiyo hapo sasa. Lori si lako, mzigo unapangiwa, halafu kwenye kodi wewe ni mfanyabiashara: asilimia 15.3 ya kujiajiri juu yako, na ukiumia mgongo hakuna bima ya kazini. Undugu mzuri, ila uandikwe.

Pwani Mpaka Ohio

Hilo sikatai. Kodi ya Aprili ilinifunza adabu.

Mgeni CDL

Shikamooni wakubwa. Mimi ndio nimepata leseni, nilifanya mtihani kwa lori la otomatiki. Kampuni ndogo zote zinaniambia nirudi baada ya mwaka. Kwa nini? Na nitajuaje kampuni ni salama?

Msafiri wa Usiku

Marahaba kijana. Wanaokukataa mara nyingi ni watu wao wa bima, si wao. Dereva mpya ni gharama. Kampuni kubwa nyingi zinajibebea hasara zenyewe, ndiyo maana zinawapokea. Leseni yako ina kizuizi cha E, huruhusiwi gia za mkono, ila malori mengi mapya ni otomatiki, usihangaike.

Kuhusu usalama, chukua namba ya USDOT, ile ya usajili wa kampuni iliyoandikwa mlangoni mwa lori lao, iingize kwenye tovuti ya SAFER ya FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa malori. Ni bure. Angalia ajali, kisha angalia magari yao yanazuiwa kuendelea na safari kwenye ukaguzi kwa asilimia ngapi, wastani wa nchi uko pembeni yake. Na wao wanakutazama vilevile: ajali zako za miaka mitano na ukaguzi wa miaka mitatu wanauona. Dispacha akikulazimisha uendeshe saa zimeisha, kataa kwa maandishi. Sheria iko upande wako, na malalamiko FMCSA yanapokelewa ndani ya siku 90.

Dada wa Trela

Mgeni, weka majina ya kampuni zilizokuita inboksi tuzitazame. Na aliyeanzia flatibedi, trela la wazi lisilo na kuta, aje; kufunika mzigo kwa turubai kwenye baridi tunakusikia tu.