Mrejesho: injini ya dizeli kugoma kuwaka ikipata moto

Wakuu, niliuliza kwa nini injini yangu ya dizeli inagoma kuwaka ikishapata moto. Fundi kafungua pampu ya dizeli: plunja (vijiti vya ndani vinavyosukuma dizeli) zimechubuka, na kwenye filta kuna unga wa chuma. Aliyeniambia niache kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, kwa kuwa hayalainishi vizuri, alikuwa sahihi kabisa. Pampu hii haina oili yake, inalainishwa na dizeli yenyewe!

Nilidhani salfa iliyomo kwenye dizeli ndiyo inayolainisha. Kumbe ni viambata vingine vinavyoondoka pamoja nayo inapopunguzwa kiwandani, ndiyo maana dizeli ya salfa kidogo huongezewa kilainishi. Kiwango cha Ulaya, EN 590, kinataka alama ya mkwaruzo kwenye kipimo cha ulainishaji wa dizeli isizidi mikromita 460.

Pampu nimebadilisha, tangi nimeosha. Inawaka mara moja. Asanteni sana.